Wasomaji Wauliza: Je, Romeo Alikua?

Barua nyingi za mwezi huu zinamhusu mtu mmoja, Romeo wa Shakespeare. Kwa waliosahau tamthilia yenyewe: Romeo ni wa ukoo wa Montague na Juliet ni wa ukoo wa Capulet, koo mbili za Verona zenye uhasama wa siku nyingi. Wanakutana karamuni Jumapili usiku, na Jumatatu mchana Padri Laurence anawafungisha ndoa ya siri. Muda mfupi baadaye Romeo anamuua Tybalt, binamu wa Juliet, na anafukuzwa mjini. Wazazi wanataka kumwoza Juliet kwa kijana mtukufu aitwaye Paris. Padri anampa binti dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, lakini barua ya kumweleza Romeo mpango huo haifiki. Romeo anaambiwa mkewe amekufa. Anarudi Verona usiku na kunywa sumu ndani ya kaburi la akina Capulet. Juliet anaamka, anamkuta mumewe amekufa, naye anajiua. Siku ya Alhamisi inapopambazuka watu wamejaa makaburini.

Mtihani wa majaribio ulituambia: "Romeo anakua kutoka utoto wa akili hadi utu uzima. Jadili." Nilieleza mambo yote kwa mtiririko nikapata 9 kati ya 20. Nilikosea wapi?
*Mwanafunzi wa kidato cha tano, Iringa*

Kosa lako umelitaja mwenyewe: ulisimulia. Msahihishaji anaijua hadithi. Anatafuta hoja, na ukiambiwa "jadili" una ruhusa ya kuikataa nusu ya kauli uliyopewa. Sisi tungeikataa nusu. Romeo anakomaa katika usemi wake, katika kuwajali wengine na katika kubeba lawama. Katika kungoja hakomai hata kidogo. Andika hivyo kwenye aya ya kwanza, kisha kila aya inayofuata ithibitishe upande mmoja wa hoja hiyo.

Chagua sehemu nne za tamthilia, zisizidi tano, na uzilinganishe. Tendo la 1, onyesho la 1, lisikosekane, ingawa wanafunzi wengi hulipita mbio. Watu wa koo mbili wametoka kukatana mapanga barabarani, na Mtawala wa Verona ametangaza kifo kwa atakayerudia. Imegonga saa tatu asubuhi. Romeo anaingia akiomboleza kwa sababu Rosaline, msichana aliyeapa kutojihusisha na mapenzi, hamtaki. Katikati ya maombolezo anamuuliza binamu yake Benvolio watakula wapi. Anaziona dalili za ugomvi, anauliza kulikuwa na nini, na kabla hajajibiwa anamwambia mwenzake asimweleze, ameshasikia yote. Kisha anamwaga tanakuzi, yaani maneno yanayopingana, mfululizo: moshi unaong'aa, moto wa baridi, afya iliyo mgonjwa, unyoya wa madini ya risasi. Hapo anasikika kijana aliyesoma mashairi ya mapenzi kabla ya kupenda.

Iweke sehemu hiyo karibu na tendo la 5, onyesho la 1. Mtumishi wake Balthasar amefika Mantua, mji alikokimbilia Romeo, na habari kwamba Juliet amezikwa. Romeo anatamka mstari mmoja wa kuzikaidi nyota, kisha anatoa amri: nitafutie wino na karatasi, kodi farasi, naondoka usiku huu. Hakuna tanakuzi hata moja. Ni kweli kwamba akibaki peke yake anaeleza duka la muuza dawa kwa kirefu, na mtahiniwa mwerevu atasema basi Romeo bado ni yule yule mpenda maneno. Tazama anachokieleza, lakini. Ni kobe aliyening'inizwa, mamba aliyejazwa, masanduku matupu, na mtu ambaye njaa imemchonga mashavu. Kijana ambaye Jumapili hakutaka kusikia habari za damu iliyomwagika mjini mwake, sasa anauona umaskini wa mtu asiyemjua. Anautumia pia, kwani anajua maskini huyo hatazikataa dukati 40, sarafu za dhahabu. Taja yote mawili.

Katikati weka ile soneti ya karamuni. Romeo na Juliet wanakutana kwa mistari 14 wanayoigawana: Romeo 4, Juliet 4, na 6 ya mwisho wanapokezana. Rosaline hakuwahi kumjibu Romeo jukwaani, kwa maana hatokei kabisa. Hii ndiyo mara ya kwanza Romeo anapenda mtu anayemrudishia neno, na analazimika kusikiliza ili amalize kina.

Sehemu ya nne iwe tendo la 3, onyesho la 3, ambako Romeo amelala chini kwa padri akilia na kuwaonea wivu hata nzi kwa kuwa wao watabaki Verona alipo Juliet. Usiifiche kwa sababu inaharibu picha ya kijana anayepanda juu tu. Kukua kwake kuna kuporomoka ndani yake, na alama nyingi ziko hapo.

Kama una dakika 45, tumia 5 kupanga, 35 kuandika na 5 kusahihisha. Nukuu sita hadi nane zinatosha, kila moja isizidi mstari mmoja. Na usiandike "Romeo ni mhusika duara", yaani mhusika anayebadilika, halafu ukaishia hapo. Hilo ni jina la jibu tu.

Rafiki yangu anashikilia kuwa Romeo ana miaka 16. Imeandikwa wapi?
*Msomaji, Mombasa*

Haikuandikwa popote. Umri uliotajwa ni wa Juliet: hajatimiza 14, na atatimiza usiku wa kuamkia Agosti mosi, majuma mawili na siku chache baada ya mchezo kuanza. Huenda rafiki yako amechanganya na shairi la Arthur Brooke la mwaka 1562, ambalo Shakespeare alichota humo. Brooke alimpa Juliet miaka 16, na hadithi yake inachukua miezi. Shakespeare alipunguza umri, kisha akaibana miezi ile ikawa siku nne na usiku wake. Kwa hiyo ukitafuta ukuaji wa Romeo, kumbuka kwamba hana mwaka wala mwezi wa kukulia. Anapaswa kukua kabla ya Alhamisi.

Romeo alikataa kupigana na Tybalt. Si huo ndio utu uzima? Mbona baada ya muda mfupi anaua?
*Msomaji, Bukoba*

Ni utu uzima, tena wa kweli. Shida ni kwamba sababu yake anaijua peke yake. Tybalt anamtukana mbele za watu. Romeo, ambaye ametoka kufunga ndoa muda si mrefu, anajibu kwamba ana sababu ya kumpenda Tybalt na kwamba jina la Capulet analithamini kama lake. Walioketi ukumbini wanaelewa kuwa anaongea na shemeji yake. Mercutio haelewi. Anaona rafiki yake anajidhalilisha hadharani, anachomoa upanga yeye.

Sasa angalia mikono. Romeo anajitosa kati na kumzuia Mercutio, na upanga wa Tybalt unapita chini ya mkono huo huo uliokuja kusuluhisha. Mercutio anamwambia wazi: kwa nini uliingia kati yetu? Nimechomwa chini ya mkono wako. Romeo anajibu kama mtoto aliyevunja chungu: nilidhani nafanya jambo jema. Kabla ya hapo alishamwambia ajikaze, jeraha haliwezi kuwa kubwa. Amekosea kulipima jeraha, na amekosea kuupima ugomvi.

Mercutio akishatolewa, Romeo anapata muda mfupi wa kusema peke yake, na mpangilio wa anayoyasema unafaa kusomwa polepole. Kwanza, rafiki ameumia kwa ajili yangu. Pili, jina langu limechafuliwa na Tybalt, ambaye ni ndugu yangu tangu saa moja tu iliyopita. Tatu, uzuri wa Juliet umenilegeza. Lawama imeanzia kwake mwenyewe, ikapita kwenye sifa yake, ikamwishia mkewe asiyekuwapo. Benvolio anarudi na habari kuwa Mercutio amekufa, Tybalt naye anarudi kwa miguu yake, na Romeo anaiweka huruma kando. Tybalt akishaanguka, neno la Romeo ni kwamba amekuwa mwanasesere wa bahati. Bado hajasema "nimeua".

Husemwa sana kwamba hakuwa na njia nyingine. Alikuwa nayo, imo humo humo kitabuni. Mtawala alikwisha kutangaza kwamba mvunja amani atalipa kwa uhai wake, na Mercutio alikuwa jamaa wa Mtawala. Mbele ya sheria Tybalt alikuwa mtu wa kufa. Mzee Montague anaishika hoja hiyo kumtetea mwanawe: kosa la Romeo ni kumaliza kile ambacho sheria ingekimaliza. Kama utetezi mbele ya hakimu, ni mzuri. Ukiugeuza unamhukumu Romeo, kwa sababu angesimama pale pale bila kufanya lolote, Tybalt angepotea na yeye angebaki Verona na mkewe. Alichokosa ni saa moja ya kutulia. Weka alama hapo, kwa kuwa saa hiyo itakosekana tena kaburini.

Klabu yetu ya maigizo inaandaa mchezo huu kwa Kiswahili, dakika 70, waigizaji 12. Romeo wetu ni hodari lakini analia tangu mwanzo hadi mwisho, mtazamaji haoni kama amebadilika. Tufanye nini?
*Mlezi wa klabu ya shule ya upili, Eldoret*

Tuanze na mkasi, kwa kuwa Romeo wengi huharibikia kwenye ukataji kabla hata ya mazoezi. Matini kamili ina karibu mistari 3,000. Kwa dakika 70, pamoja na mapigano, dansi na kubadilisha mandhari, bakini na 1,000 hivi, na kama tafsiri ni yenu wenyewe shukeni hadi 900, maana maneno ya Kiswahili ni marefu na mwigizaji atakimbizana nayo. Ondoeni wanamuziki wa tendo la 4 na utangulizi wa tendo la 2. Hotuba ya Mercutio kuhusu malkia wa ndoto ipunguzeni nusu. Maelezo marefu ya padri mwishoni yafanyeni mistari kumi, kwa kuwa watazamaji wameshayaona yote.

Msikate mazungumzo ya kwanza ya Romeo na Benvolio. Klabu nyingi huyatupa ili zifike haraka kwenye dirisha la Juliet, na Romeo anabaki bila pa kuanzia. Ni kosa la zamani. Katikati ya karne ya 18, mwigizaji David Garrick wa London alimwondoa Rosaline kwa sababu kijana aliyebadili moyo usiku mmoja alionekana kigeugeu. Akapata mpenzi msafi ambaye hana pa kukulia. Msikate pia kifo cha Paris, barua ya Romeo kwa baba yake, wala pesa anazompa Balthasar.

Kwa huyo kijana mwenyewe, mpeni kazi ya daftari kabla ya kusimama jukwaani. Kwa kila onyesho aandike: ni nani, mbali na yeye mwenyewe, ambaye Romeo anamuulizia au kumjali? Tendo la 1 litakuwa karibu tupu. Tendo la 5 litajaa: Juliet, baba yake, Balthasar, Paris, Tybalt. Mwigizaji akiiona orodha hiyo kwa mwandiko wake, ataacha kulia bila kukemewa.

Halafu mgawieni machozi. Yote anayoyataka ayamalize katika tendo la 3, onyesho la 3, akiwa sakafuni. Hapo alie, ang'ang'anie kisu, yaya wa Juliet amnyang'anye. Alipolala chini pale ndipo chini kabisa pa mchezo mzima. Tendo la 1 limkute hatulii: anakaa, anainuka, hamtazami Benvolio machoni, sauti iko juu kooni. Kwenye soneti ya karamuni asimame tuli kwa mistari yote 14, kiganja kwa kiganja, na mwongozaji asimtembeze. Wanapoagana alfajiri ya Jumanne sauti yake iwe chini kuliko ya Juliet kwa mara ya kwanza. Habari ya kifo ikifika Mantua, ahesabu moja hadi tatu moyoni, amesimama wima, ndipo aseme, tena kwa sauti ya mtu anayeagiza farasi. Kosa la kawaida hapo ni kupiga kelele. Akipiga kelele, Balthasar anapomwomba awe na subira kwa kuwa uso wake umepauka, ombi hilo linakuwa la kuchekesha.

Mapigano ya Mercutio yanahitaji uangalifu wa pekee. Tumieni panga za mbao au alumini, zisizo na makali, ncha zimezungushwa. Romeo amkabili Tybalt akiwa amenyoosha mkono wa kulia kumzuia Mercutio aliye nyuma yake kidogo. Ubavu wa Mercutio unaochomwa uwe upande wa nyuma ya jukwaa. Upanga upite kati ya mkono wa Romeo na kiwiliwili cha Mercutio, shibiri nzima mbali na mwili, na Mercutio mwenyewe ndiye anayejikunja ili jeraha lionekane. Fanyeni kwanza kwa robo ya mwendo huku mkihesabu kwa sauti, kisha nusu, kisha robo tatu, na msizidi hapo hata siku ya onyesho. Warudie hatua hizo zote saa moja kabla ya pazia kufunguliwa. Mkono wa Romeo ukiwa juu mno, watazamaji hawataelewa kuwa yeye ndiye aliyeziba njia, na kisa kizima cha kisasi kinakosa mzizi.

Vifaa vya kaburini: mwenge (tochi ya betri iliyofungwa kitambaa cha rangi ya machungwa inatosha, moto wa kweli hapana), sururu, mtaimbo, barua na kichupa. Kichupa kiwe mfukoni tangu Mantua, kwani Romeo anayehangaika kutafuta sumu gizani hugeuza msiba kuwa vichekesho. Mwigizaji wa Mercutio anaweza kurudi kama muuza dawa, na hapo mnaokoa mtu mmoja.

Nilivyosoma mimi, mtu mzima kati yao ni Juliet. Nimekosea?
*Msomaji wa kike, Zanzibar*

Hujakosea. Rudi dirishani kwa Juliet, usiku ule baada ya karamu, uhesabu maswali. Juliet anauliza: umefikaje hapa, nani kakuelekeza, ukuta mrefu hivi umeupandaje, hujui jamaa zangu wakikuona watakuua? Romeo anajibu kwamba ameruka kwa mbawa za mapenzi. Anataka kuapa kwa mwezi, Juliet anakataa kwa sababu mwezi hubadilika kila mwezi, kisha anamwambia afadhali asiape kabisa. Ni Juliet anayesema kwamba jambo hili ni la ghafla mno, kama umeme unaotoweka kabla hujamaliza kusema unamulika. Ni yeye pia anayeleta habari ya ndoa na kupanga kumtuma mjumbe kesho, akaulize mahali na wakati. Romeo ameleta mashairi, Juliet ameleta harusi.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye vichupa viwili. Kabla ya kunywa dawa ya padri, Juliet anajiuliza: je, isipofanya kazi? Je, kama padri amenipa sumu ili kuficha kwamba alitufungisha ndoa? Nikiamka mapema nikakosa hewa? Nikirukwa na akili kati ya mifupa ya mababu? Anayapima yote kisha anakunywa. Romeo hana swali hata moja kuhusu kichupa chake.

Hata hivyo mpe Romeo alfajiri ile ya Jumanne. Juliet anadai ndege aliaye ni wa usiku, na Romeo ndiye anayesema kumekucha, lazima aondoke aishi au abaki afe. Wakati wa kuagana, Juliet anauliza kama wataonana tena, na Romeo anamtuliza kwamba dhiki hizi zitakuwa mazungumzo matamu siku zijazo. Jana yake alikuwa ndiye wa kutulizwa.

Nafundisha vijana wa miaka 15 hadi 17. Mwongozo nilionao unasema kifo cha Romeo ni kilele cha ukomavu wake. Nasita kuwaambia hivyo.
*Mwalimu, Tanga*

Usiwaambie. Mbali na hatari yake, si kweli kwa ushahidi wa matini.

Ukomavu upo kaburini, lakini uko pembeni ya kile kichupa. Romeo anampa Balthasar pesa na kumtakia maisha mema. Anamsihi Paris aondoke aishi, akimwita kijana kana kwamba yeye mwenyewe ameshauacha ujana. Akishamuua na kumtambua, anatimiza ombi lake la kulazwa karibu na Juliet. Kisha anaugeukia mwili wa Tybalt na kumwomba msamaha, akitaja mkono wake mwenyewe kuwa ndio uliokata ujana wa yule ndugu. Neno ambalo Jumatatu lilimshinda, amelisema.

Sasa upande wa pili. Romeo anamtazama Juliet na kusema kifo hakijamshinda, wekundu bado uko midomoni na mashavuni. Amesema kweli tupu. Dawa inaisha, damu inarudi. Macho yameona; anauliza mbona bado ni mzuri hivi, lakini hangoji jibu. Huko Mantua alimuuliza Balthasar mara mbili kama ameleta barua kutoka kwa padri. Alipoambiwa hakuna, akasema haidhuru. Ilidhuru sana, kwa sababu padri alikuwa amemwahidi kumpelekea habari mara kwa mara kupitia mtumishi wake, na sasa mtumishi amekuja mikono mitupu na habari nzito kuliko zote. Padri anapofika makaburini anamuuliza Balthasar bwana wake ameingia tangu lini, naye anajibu: nusu saa kamili. Dakika chache baada ya hapo Juliet anaamka.

Padri alimwonya kwamba akimbiaye hujikwaa, akamwambia apende kwa kiasi, akamwambia awe na subira kwa kuwa dunia ni pana. Balthasar naye akamwomba subira. Hakuna aliyesikilizwa. Wape wanafunzi kazi ya kutafuta kila mahali ambapo jambo lingeweza kusimama, na wasiishie kwa Romeo. Padri John aliyebeba barua alifungiwa ndani ya nyumba kwa hofu ya tauni, si muda mrefu baada ya Mercutio kuziapiza koo zote mbili zipatwe na tauni. Wazee walilea ugomvi ambao hakuna anayetuambia chanzo chake. Na padri alijenga mpango mzima juu ya barua moja.

Darasani, waambie mapema, kabla ya tendo la 5, kwamba kuna watu wanajiua ndani yake. Usimpe mwanafunzi zoezi la kuandika barua ya kuaga kwa sauti ya Romeo au Juliet, hata kama mwongozo unapendekeza. Mkiigiza, kichupa kinyanyuliwe taa ikizimika, mbinu isionyeshwe. Soma onyesho la mwisho katika kipindi chenye dakika kumi zaidi za mazungumzo, lisiishie kengele inapolia, na umtaje kwa jina mwalimu wa ushauri nasaha wa shule yenu. Mwanafunzi akinyamaza kupita kawaida yake siku hiyo, mfuate mwenyewe baada ya kipindi.

Nimeombwa kumlinganisha Romeo na Hamlet. Kuna pa kuanzia?
*Mwanafunzi wa chuo, Kigoma*

Wengi huanza na "mmoja ana haraka, mwingine anachelewa", na insha zote zinafanana. Zingatia kwanza umri. Kwa hesabu ya mchimba makaburi, aliyeanza kazi siku Hamlet alipozaliwa, mwanamfalme ana miaka 30, kwa hiyo uchanga wake si wa aina moja na wa Romeo. Kisha weka kando kando vifo viwili: Hamlet anamchoma Polonius, mshauri wa mfalme, aliyejificha nyuma ya pazia, Romeo anamchoma Paris gizani makaburini, na kila mmoja anatambua amemuua nani baada ya upanga kufanya kazi yake. Hamlet akishajua, anamwita mzee yule mpumbavu aliyejiingiza, na baadaye anauburura mwili kuuficha. Romeo anamulika uso, anakumbuka jina, anamshika mkono Paris na kumwingiza kaburini kwa heshima. Katika jambo hilo moja, kijana wa Verona amemtangulia mwanamfalme wa Denmark, na hoja yako inaweza kuanzia hapo.